Nanga na Upondo: Historia ya Kuzuia Chombo Mtoni na Ushahidi wa Lugha ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Historia ya mwambao wa Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kuyatazama majahazi. Wanahistoria wamefuatilia pepo za kaskazi na kusi, bidhaa za Ghuba na Bara Hindi, na miji ya mawe iliyostawi kutokana na biashara hiyo. Nyuma ya majahazi hayo, ndani ya mito kama Tana, Sabaki, Pangani, Ruvu, Rufiji na Ruvuma, vilikuwako vyombo vidogo vilivyopakia mpunga, boriti za mikoko, samaki na watu. Mitumbwi na mashua hizo hazikuacha daftari za ushuru, na waandishi wa safari walizitaja kwa sentensi moja au mbili tu. Hata hivyo, wenye vyombo hivyo walikabiliwa kila siku na swali ambalo nahodha wa jahazi alilikabili afikapo bandarini tu: maji yanayokwenda bila kupumzika yatazuiwaje yasikichukue chombo?

Mhadhara huu unachunguza historia ya nanga ya chombo kidogo cha mtoni, yaani jinsi inavyochaguliwa, jinsi inavyowekwa chomboni, na jinsi Kiswahili kinavyoyataja mambo hayo. Hoja inayotetewa ni kwamba neno nanga ni la mkopo, lakini ujuzi wa kukizuia chombo haukukopwa pamoja nalo. Hoja hii si ndogo. Kwa muda mrefu orodha ya maneno ya kigeni katika msamiati wa bahari, kama vile bandari, nahodha, rubani na usukani, imetumiwa kuthibitisha kwamba Waswahili walifundishwa ubaharia na wageni. Nanga imo katika orodha hiyo. Kama ushahidi wake ukipimwa vizuri, njia nzima ya kusoma historia kutokana na maneno ya mkopo itahitaji kuangaliwa upya.

2.0 Asili ya Neno na Asili ya Ujuzi

Wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba neno nanga limetokana na Kiajemi langar. Neno hilo limeenea sana katika Bahari ya Hindi. Kihindi na Kiurdu vinalo kwa umbo hilo hilo. Kwa sababu hiyo, umbo lake peke yake haliwezi kuamua kama lilifika mwambaoni kwa vinywa vya Waajemi wenyewe, vya mabaharia wa Ghuba, au vya wafanyabiashara wa Bara Hindi. Linaloonekana wazi ni jinsi Kiswahili kilivyolipokea. Kiswahili hupendelea silabi wazi. Bandar iliongezewa irabu ikawa bandari, ilhali langar iliachishwa konsonanti yake ya mwisho. Sauti l ya mwanzo ikageuka n, badiliko linaloweza kuelezwa kwa mvuto wa nazali inayofuata. Matokeo yake ni kwamba neno lilipata sura ya nomino za ngeli ya I-/ZI-, ambazo nyingi huanza kwa nazali, kama nyumba, ndege na nguo. Msemaji wa leo hana dalili yoyote ya sauti itakayomfanya ahisi kwamba neno hili ni geni.

Inafaa kutenganisha nanga hii na jina la ala ya muziki yenye nyuzi iitwayo enanga katika Kihaya na inanga katika Kinyarwanda na Kirundi. Kufanana huko ni kwa sauti tu. Jina la ala hiyo ni la Kibantu na halihusiani na Kiajemi.

Nanga si mkopo wa pekee katika uwanja huu. Kamusi zinalo neno baura, yaani nanga kubwa yenye mikono miwili, ya aina iliyozoeleka katika meli za Ulaya. Zinalo pia neno amari, yaani kamba nene ya nanga, ambalo linafanana na Kireno amarra. Kwa kutazama nomino tu, mtafiti angeweza kukata shauri kwamba Mwajemi alileta kitu, Mreno akaleta kamba yake, na Mswahili akapokea vyote viwili.

Vitenzi vinasema habari nyingine. Nanga hutiwa na nanga hung'olewa. Kitenzi ng'oa ndicho kinachotumika kwa mti, muhogo na jino. Ni tendo la kutoa kitu kilichoshika kwa mizizi. Lugha iliyochagua kitenzi hicho haikuiona nanga kama mzigo ulioshushwa chini na kupandishwa tena. Iliiona kama kitu kilichopandwa katika ardhi iliyo chini ya maji. Hali ni hiyo hiyo kwa tanga. Tanga hutwekwa na tanga hutuliwa, na vitenzi tweka na tua ni vile vile vya mtu anayepandisha mzigo kichwani na kuushusha. Elea, zama, vuka, pakia, pakua na egesha navyo ni vya Kibantu. Wasemaji walikopa majina ya vifaa, lakini kwa matendo ya kuvitumia walishika vitenzi walivyokuwa navyo.

Ushahidi wa kale zaidi unatokana na kafi, kasia fupi la mtumbwi. Neno hili lina jamaa zake mbali na bahari: Waganda, waishio kando ya Ziwa Viktoria, huliita enkasi. Mlingano wa f ya Kiswahili na s ya Kiganda katika mazingira hayo ni wa kanuni, kwani figo la Kiswahili huitwa ensigo kwa Kiganda. Maneno yanayolingana kwa kanuni namna hii hayakuokotwa bandarini. Yamerithiwa kutoka kwa wazee wa pamoja, na wazee hao walipiga makafi katika mito na maziwa. Aidha, kundi dogo ambalo Kiswahili kimo, pamoja na Kipokomo, Kimijikenda, Kielwana na Kikomoro, limepewa na wanaisimu jina la Sabaki, yaani jina la mto unaoingia baharini kaskazini ya Malindi. Derek Nurse na Thomas Spear mwaka 1985, kisha Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka 1993, walionyesha kwa urefu kwamba sarufi na msamiati wa msingi wa Kiswahili ni wa kundi hilo.

3.0 Kabla ya Chuma

Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 B.K. kijulikanacho kama Periplus kinataja vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja katika mwambao huu. Kinaeleza pia kwamba mji wa Rhapta ulipata jina lake kutokana na vyombo hivyo vya kushonwa. Mahali ulipokuwa mji huo pangali panajadiliwa, na delta ya Rufiji ni miongoni mwa mahali panapopewa uzito, hasa baada ya uchimbaji wa Felix Chami tangu miaka ya 1990. Kwa vyovyote, mtumbwi wa gogo ulikuwako mwambaoni karne nyingi kabla ya miji ya mawe, na chombo hakiwi chombo cha kazi mpaka kiwe na njia ya kusimama.

Vyombo vikubwa vya magharibi mwa Bahari ya Hindi vilitumia nanga za mawe zenye umbo maalumu. Jiwe refu lilichongwa pande nne na kutobolewa matundu. Karibu na mwisho mmoja kulikuwa na matundu mawili yaliyokingamana, yaliyopitishwa miti ya kushika chini, na mwisho wa pili ulikuwa na tundu la kamba. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba Kilwa, alichapisha makala kuhusu mihimili hiyo ya mawe mwaka 1980. Nanga ya aina hii iliunganisha njia mbili za kushika: uzito wa jiwe na ncha za mti. Nanga ya chuma ya kulabu nne iliyokuja kuenea majahazini inalingana nayo katika mpango huo, kwa kuwa nayo ina mikono minne iliyokingamana.

Mtoni hali ilikuwa tofauti. Delta kama ya Rufiji imejengwa kwa tope na mchanga ulioletwa na maji, wala jiwe kubwa halipatikani kirahisi. Tena mtumbwi mwembamba hauwezi kubeba jiwe la kuchongwa la jahazi. Hapo kilichotangulia ni mti. Upondo, ambao ndio mti mrefu wa kusukumia chombo katika maji machache, ukichomekwa katika tope na kufungiwa kamba huwa nanga. Ukichomolewa huwa tena chombo cha mwendo. Penye ukingo kigingi hufanya kazi hiyo, na penye mikoko mizizi yake hutosha. Jiwe lisilochongwa, lililofungwa kwa kamba ya makumbi, lilifaa pale lilipopatikana. Hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivi kilichohitaji mgeni wa kukifundisha, na hakuna kilichohitaji kuitwa langar.

4.0 Kuchagua Nanga ya Mtoni

Anayechagua nanga ya chombo kidogo huchagua kwanza kati ya uzito na mshiko. Jiwe linategemea uzito, na uzito hupungua ndani ya maji. Jiwe gumu la kilo 20 likizamishwa hubaki na uzito wa kilo 12 hivi, wakati chuma cha kilo 20 hubaki na zaidi ya kilo 17. Isitoshe, nguvu ya maji haiongezeki sawa na mwendo wake. Mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu inayokisukuma chombo huwa mara nne. Jiwe lililotosha wakati wa kiangazi linaweza kuburutwa kama kokoto katika maji ya masika. Ndiyo sababu kulabu zilipata thamani: nanga yenye kulabu huomba msaada kwa ardhi yenyewe, na mkondo unapovuta zaidi, nayo huzidi kuzama ardhini.

Lakini ardhi ya mto haiko namna moja. Penye mchanga mzito kulabu nyembamba hushika vizuri. Penye tope laini kulabu hizo hizo hupita kama uma katika uji. Hapo panahitajika nanga yenye mabapa mapana. Penye mawe, mizizi na visiki vilivyozama, kulabu nne hushika mara moja, na tatizo huwa kuzing'oa. Mwenye chombo huko huhitaji kamba ya pili, nyembamba, iliyofungwa chini mahali mikono ya nanga inapokutana, na kuelea kwa boya. Nanga ikikwama huvutwa kwa kamba hiyo kutoka upande wa nyuma yake, nayo hutoka kwa njia ile ile iliyoingilia.

Karibu na mlango wa mto jambo la pili huingia. Maji ya bahari yakijaa hupanda mtoni na kugeuza mkondo; yakipwa, mkondo hurudi kuelekea baharini. Katika saa 24 na dakika zipatazo 50, mgeuko huo hutokea mara nne. Chombo kilichotia nanga huzunguka kila mara, na nanga hulazimika kushika upya kwa upande mwingine. Kulabu nne zina faida hapa, kwa kuwa mbili kati yake hutazama chini siku zote. Zina hasara pia: mbili nyingine hutazama juu, na kamba inayolegea wakati wa mgeuko inaweza kuzizonga na kuiinua nanga. Katika karne ya 20 wahandisi walijaribu kutatua tatizo hili. Mwaka 1933 Geoffrey Ingram Taylor, mwanahisabati wa Cambridge, alibuni nanga yenye umbo la plau, ambayo hujigeuza yenyewe na kulima tena. Katika mito ya Afrika Mashariki kulabu nne zimebaki, kwa sababu fundi wa kawaida anaweza kuzitengeneza kwa vipande vya nondo na bomba.

Jambo la tatu ni urefu wa kamba. Nanga hushika inapovutwa kwa ubavu. Ikivutwa kwenda juu hung'oka. Kanuni inayokubalika ni kuachia kamba angalau mara tano ya kimo kutoka omo hadi chini ya maji. Tuseme mashua imetia nanga wakati wa maji kupwa, kina ni mita 2 na omo iko nusu mita juu ya maji. Hesabu inadai kamba ya mita 12 na nusu. Lakini wakati wa bamvua maji ya mwambao huu hupanda mita 3 na zaidi. Kimo kikifika mita 5 na nusu, kamba ile haifiki hata mara mbili na nusu ya kimo, na nanga iliyokuwa imara asubuhi huanza kutembea adhuhuri. Aliyepaswa kuachia mita 27 na nusu ameachia chini ya nusu yake. Kwa hiyo anayelala chomboni katika mlango wa mto hana budi kujua mwezi umefikia wapi, kama ni siku za bamvua au za maji mafu.

Ubora wa nanga, basi, hauwezi kupita ubora wa kamba yake. Vasco da Gama alikaribia kulithibitisha hilo. Mwezi wa Aprili 1498, merikebu zake zikiwa zimetia nanga nje ya Mombasa, watu walikuja usiku kwa mitumbwi, wakaogelea kimya hadi kwenye merikebu iitwayo Berrio na kuanza kukata kamba ya nanga. Habari iliyoandikwa na mmoja wa wasafiri hao inaeleza kwamba walinzi walidhani wale ni jodari, mpaka walipotambua na kupiga kelele. Watu wa mitumbwi ile hawakuhitaji mizinga. Walijua mahali nguvu ya chombo kikubwa ilipofungiwa.

5.0 Kuihifadhi Nanga Chomboni

Swali la mahali pa kuiweka nanga limeandikwa kidogo kuliko swali la aina yake, ingawa ajali nyingi zinatokana na hilo. Jahazi lina nafasi zenye majina: feuli upande wa tezi, mahali pa kuweka mizigo, na ngama chini kabisa, maji yanapojikusanya. Mtumbwi hauna nafasi za namna hiyo. Watu, samaki, nyavu na nanga vyote hukaa katika uwazi mmoja.

Kanuni ya kwanza inahusu upande. Nanga hutiwa kutoka omo, kwa sababu omo imechongwa ili ikate maji. Kamba ikifungwa tezi, mkondo huivuta tezi chini na maji huingia ndani. Mtumbwi uliosheheni hauhitaji dakika nyingi kuzama kwa namna hiyo. Lakini uzito wa nanga ukikaa siku zote katika ncha ya omo, chombo chepesi huinama mbele na kukataa kugeuka. Kwa hiyo nanga hulazwa chini katika sakafu ya mtumbwi, nyuma kidogo ya omo, mahali mkono wa aliyeketi mbele unapofika.

Kanuni ya pili inahusu mpangilio. Mwisho wa kamba hufungwa kwanza katika chombo, kisha kamba hukunjwa kuanzia mwisho huo, ili sehemu iliyo karibu na nanga ibaki juu na itoke bila kuzongana. Asiyefunga mwisho huo huja kuitazama nanga yake na kamba yake zikienda pamoja. Asiyekunja huja kukuta mguu wake umo katika kitanzi. Kulabu nazo zisielekezwe kwenye mbao wala kwenye miguu ya abiria. Katika chombo cha kushonwa hatari ilikuwa kubwa zaidi, kwani chuma kinachochezacheza kingeweza kusaga kamba zilizoshika mbao.

Kanuni ya tatu ndiyo inayosahauliwa tangu mashine za kufungwa nyuma zilipoenea. Mpiga kafi alijua kwamba mikono yake huchoka, hivyo aliweka upondo na nanga karibu. Mwenye mashine huiamini mashine, na nanga huishia chini ya magunia. Mashine ikizimika katikati ya mkondo unaoelekea kwenye mawimbi ya mlango wa mto, nanga ndiyo breki pekee iliyobaki. Nanga isiyoweza kutoka kwa muda wa pumzi chache ni sawa na shehena.

6.0 Kamusi na Mto

Maarifa haya yana nafasi gani katika kamusi? Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1882, alianza kazi yake Mombasa na Rabai. Edward Steere na Arthur Madan walifanya kazi Unguja. Charles Sacleux, mwenye jicho kali kwa lahaja, aliishi Bagamoyo na Unguja. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na kamusi za Frederick Johnson za mwaka 1939 zilifuata msingi huo. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, na kazi ya watu hao haipaswi kudharauliwa. Hata hivyo, jumla yake ni kwamba msamiati wa vyombo uliingia katika usanifu kwa kupitia bandari. Fasili ya kawaida ya nanga huanzia kwenye chuma, mnyororo na meli. Upondo hufasiliwa kama mti wa kusukumia tu, na kazi yake ya pili, ya kukizuia chombo, huachwa.

Kutokana na pengo hilo, mwanafunzi anayehesabu maneno ya mkopo katika kamusi anapata jibu ambalo lilikwisha kuamuliwa na mahali maneno yalipokusanywa. Bandarini mikopo ni mingi, kwa kuwa bandari ni mahali pa mikopo. Mtoni angekuta jedwali tofauti.

Wakati huo huo, neno nanga limeendelea kusafiri nchi kavu. Aliyehamia mahali na kutulia husemwa ametia nanga. Katika magazeti na redio za Kenya, mkutano au mashindano yanapoanza huambiwa yameng'oa nanga. Sitiari hizi zinaeleweka na watu ambao hawajawahi kushika kamba yenye maji ya chumvi. Neno linaishi, lakini maarifa yaliyolizaa yanaweza kufa bila neno kutikisika. Hiyo ni hali ambayo kamusi haiwezi kuionyesha.

Mto wenyewe unabadilika. Tangu Desemba 2022, maji ya Rufiji yamekuwa yakizuiwa katika bwawa la Julius Nyerere. Wakulima na wavuvi wa bonde hilo walizoea kupanga mwaka kwa kufuata mafuriko, kikiwamo kilimo cha mlau kinachofuata maji yanapopungua. Mkondo unapotawaliwa kutoka juu, maneno ya kutofautisha maji ya msimu mmoja na mwingine yanaweza kukosa watumiaji katika kipindi cha kizazi kimoja.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba neno nanga lilikopwa, lakini vitenzi vinavyolitawala vilirithiwa. Kwamba upondo, kigingi na mizizi ya mikoko vilizuia vyombo vya mtoni bila kusubiri chuma. Na kwamba kuchagua na kuhifadhi nanga ni elimu inayounganisha ardhi, mkondo, mwezi na kamba. Historia inayotegemea nomino za bandarini peke yake itaendelea kuwaona Waswahili kama wanafunzi wa ubaharia. Ikisikiliza vitenzi, itawaona kama watu wa mitoni waliokwenda na ujuzi wao hadi baharini, wakakutana huko na mabaharia wengine, wakachagua majina na vifaa vilivyowafaa.

Kazi iliyobaki ni ya nyanjani. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada za tasnifu wana Utete, Nyamisati, Garsen na Kipini mbele yao. Waingie mtumbwini, waulize kila kitu kilichomo kinaitwaje, na wasitosheke na jina. Waulize kinatiwaje, kinatolewaje, na kinawekwa wapi kisipotumika. Wazee wanaoweza kujibu maswali hayo wangali wapo, ila hawatakuwapo siku zote.